Sala Iliyovuka Mpaka

Watson Simbeye ni fundi cherehani wa sokoni Tunduma. Meza yake imepakana na yangu ya vitenge, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa. Uigizaji hakuutafuta. Diana, anayetengeneza kichekesho cha runinga kule Mpemba, alimwagiza kanzu ya padri. Siku ya kuipima mwigizaji hakutokea, Watson akaivaa yeye ili waone pindo tu. Watu wakaangua kicheko. Na kweli, jirani yangu huyu anachekesha hata akinyamaza.

Basi akawa padri mjinga. Wiki ya kwanza alijikwaa altareni, ya pili akabatiza mbuzi. Sitaki kudanganya, alichosha. Diana mwenyewe alimwambia, "Kaka Watson, padri wako ni mjinga tu, hana kingine. Nitafutie kitu, la sivyo namwondoa."

Kitu alikuwa nacho, ila kilikuwa cha baba yake.

Mzee Anania alikuwa katekista wa kigango chao kwa miaka thelathini. Padri alifika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote aliongoza ibada mzee mwenyewe. Zamani, kabla kituo kipya cha mpakani hakijajengwa, muumini mmoja alimwita akamwombee lori jipya lililokuwa kwenye foleni. Mzee akaweka mkono kwenye bodi, akafumba macho, akaanza. Sala zake hazijawahi kuwa na haraka. Foleni ikasogea, mkono haukubanduka, miguu ikafuata. Ikasogea tena, akafuata tena. Alipofumbua macho, mtu alikuwa anamsalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai!" Alikuwa Nakonde, Zambia, hana hata kipande cha karatasi mfukoni.

Soko zima lilicheka mwaka mzima. Mzee hakuitaja siku hiyo kamwe, na nyumbani kwake hakuna aliyethubutu. Watson aliniambia anachohofia ni kimoja: akiigiza kisa kile, baba yake hatamwita mwanangu tena. Nikamwambia aende akaombe ruhusa kama mtu mzima. Hakwenda, mwoga yule! Aliigiza kwanza, ndipo roho ikaanza kumsuta, akampeleka mzee kule Mpemba aione sehemu hiyo kabla haijarushwa. Na mimi akanivuta, eti nikae katikati yao.

Tuliitazama kwenye kompyuta ya Diana. Padri anafumba macho, lori linasogea, naye analifuata. Anafumbua macho, anaona bendera ya Zambia, anapiga ukelele, anakunja kanzu hadi magotini na kutimua mbio kurudi Tanzania. Diana akacheka, kisha akakumbuka ni nani aliyekaa pale, akajiziba mdomo. Watson alikuwa anauzungusha utepe wake wa kupimia kidoleni. Nilimwonea huruma, pamoja na ujinga wake wote.

Mzee akavua kofia. "Huyu ni mimi," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Umekosea."

"Najua, baba. Tutaifuta."

"Mbona husikilizi? Sikukimbia mimi. Waliokusimulia hawakuwepo. Nilipofumbua macho nilikuwa sijafika Amina, nikayafumba tena, nikamaliza. Lori la watu lingebaki na nusu ya sala?"

Diana alikuwa tayari ameshika kalamu.

Wakarudia kuigiza. Tangu siku hiyo padri wa Watson ni mjinga vilevile, anapotea, ananyeshewa, anafukuzwa na mbwa, lakini sala akiianza ataimaliza. Sasa hata watawa wa parokiani wanamtazama, na sokoni watoto wananiuliza padri yuko wapi wakati anashona mbele yao.

Siku ya kipindi, Mzee Anania huvuta kiti karibu na runinga, akamwita Watson, "Mwanangu, njoo, kinaanza." Padri anapofumba macho, mzee naye anafumba yake. Hujibu Amina kabla ya mtu yeyote, halafu anacheka.