Mluzi wa Kuuita Upepo

Juzi nilirudi kijijini kwetu Magamba, nikabonyeza swichi sebuleni, taa ikawaka papo hapo. Nikajikuta nachungulia dirishani kuitazama migomba. Zamani, ndugu yangu, kwetu hakuna aliyewasha kitu bila kuitazama migomba kwanza.

Umeme wetu ulikuwa wa upepo. Babamdogo alipasua bomba la maji akachonga mapanga matatu kama ya feni, akayafunga kwenye dainamo ya baiskeli juu ya mlingoti uani, waya ukashuka hadi kwenye betri kuukuu ya pikipiki. Mashine ikizunguka ilivuma kama nyuki. Bibi aliidharau. "Upepo ni wa kupepetea mpunga," alisema, na kila alipoinua ungo aliuita kwa mluzi, kama walivyofanya mama zake. Babamdogo alimcheka: "Mama, huo ushamba."

Kisha redio moja ya mjini ikairekodi kwaya ya kigango chetu, na Bibi ndiye aliyeanzisha wimbo. Ungerushwa Jumapili saa tisa alasiri. Maishani mwake hakuwahi kuisikia sauti yake. Nasi, wajinga, Jumamosi nzima tukacheza Bongo Fleva ya redioni hadi betri ikafa.

Saa tisa ikafika. Uani kulinukia pumba na maharage yaliyokuwa yakitokota, na jani la mgomba halitikisiki. Babamdogo alipanda mlingotini, akashuka, akakuna kichwa.

"Mama, hebu piga mluzi."

"Leo si ushamba?"

Hata hivyo akapiga. Migomba ikatikisika, mapanga yakavuma, redio ikakohoa: wimbo ulikuwa umeshaanza! Bibi akanyamaza asikilize. Upepo ukalegea, redio ikafifia. Akatugeukia.

"Nyie mliomaliza betri, pigeni nyie!"

Sisi wasichana tulikatazwa mluzi mwaka mzima. Siku hiyo tuliamriwa. Tukapiga hadi midomo ikakauka. Bibi akakaa juu ya kinu kilicholazwa, sikio kwenye redio. "Huyo mama anajua kuimba," akasema kwa uzito, "ila anajidai."

Tukaangua kicheko. Na anayecheka hawezi kupiga mluzi. Mapanga yakasimama, redio ikazima kabla ya ubeti wa mwisho.

Bibi hakukasirika. Alisimama na ungo wake, akaumalizia ubeti huo mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko ya redio.

Sasa mlingoti ule umebaki wa kufungia kamba ya nguo. Babamdogo yuko mjini, Shanwe, anawafungia watu umeme majumbani. Bibi tulimzika. Juzi nilianika kanga yangu pale, nikapiga mluzi kidogo. Kanga ikatulia tu. Basi nikauimba ule ubeti wa mwisho. Katika wimbo mzima, ndio pekee ninaoukumbuka.