Lafudhi ya Mama Mkwe

Tangu shuleni walimwita Kasuku, na jina likamkaa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, mwembamba, mpole, na kazi yake ilikuwa kuwasemea watu wasiokuwepo: askari, majambazi, wachawi, hata mbwa mwitu wa kwenye gemu za kompyuta na simu. Mwambie mtu kwamba unalipwa kwa kupiga mayowe ndani ya chumba kilichozibwa magodoro, uone atakavyokutazama. Lakini ndiyo kazi. Asubuhi hagusi maziwa, maana maziwa hufanya mate kuwa mazito. Huingia na chupa ya maji ya uvuguvugu na tufaha moja, huvaa hedifoni, kisha hufa. Kuna siku alikufa mara sitini kabla ya chakula cha mchana: kwa mshale, kwa moto, kwa kuporomoka kutoka juu, na kila kifo kina mlio wake.

Kilichomtoa kimaisha, hata hivyo, hakikuwa kufa. Kilichomtoa ni Bibi wa Darajani.

Huyu alikuwa mhusika mdogo tu, kikongwe anayekaa kwenye madaraja akiwauzia wasafiri kamba na taa mbovu. Huwapunja, wakilalamika huwatukana, kisha hucheka. Mwigizaji aliyepangiwa aliamka hana sauti siku ya kurekodi, na mwongozaji, mwanamke asiyependa muda wake uchezewe, akauliza nani anaweza kumtoa bibi wa mashambani. Kasuku akafungua mdomo bila kufikiri, na aliyetoka ni mama mkwe wake. Ni ile lafudhi ya upande wa kwao mkewe, isiyo na haraka, inayopanda mwishoni mwa sentensi na kuivuta silabi ya mwisho mpaka ichoke yenyewe. Fundi wa sauti alicheka hadi akavua hedifoni. Miezi sita baadaye watoto wa shule walikuwa wakitaniana barabarani, "Chukua au pitaaa!", na Kasuku akapewa kazi ya kudumu.

Mkewe alipoisikia mara ya kwanza alicheka machozi yakamtoka. Kisha akaacha kucheka.

"Mama asije akaisikia hii," akasema. "Nakuomba."

Alikuwa na sababu. Kasuku alipokwenda kuposa, wajomba wa mkewe walimkataa mchana kweupe. Mwanamume anaishi kwa mdomo, walisema, watoto atawalisha nini, hadithi? Aliyesimama upande wake alikuwa mama mkwe peke yake. Aliwaambia kaka zake kwamba uchungu aliusikia yeye, binti ni wake, na kijana huyu amemridhia. Tangu siku hiyo Kasuku akimpigia simu kumjulia hali hukaa kitako na kumsikiliza mpaka mwisho, hata kama habari ni za mbuzi wa jirani na kizazi chake chote. Alimpenda, tuseme ukweli. Alimpenda kama aliyemzaa. Na mtu huyo huyo ndiye aliyemuuza darajani.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Kasuku zilifika mwaka wa tatu, mama alipoletwa mjini kutolewa mtoto wa jicho. Pale hospitali, binti wa dirisha la mapokezi alimuuliza jina na atokako. Mama akajibu. Binti akamgeukia mwenzake, akayarudia majibu yale kwa kuyavuta, wakacheka wote wawili. Mama akatengeneza mtandio wake na hakusema neno tena siku hiyo. Kasuku alisimama kando yake ameshika faili, aibu imemshika mara mbili.

Akapiga marufuku gemu nyumbani kwa wiki mbili. Lakini ana binti wa miaka tisa, na marufuku kwa mtoto wa miaka tisa ni kama maji kwenye tenga. Siku ya tatu baada ya upasuaji alirudi saa kumi jioni, akainama mlangoni kuvua viatu, akaisikia sauti yake mwenyewe sebuleni ikisema, "Kamba hii ilimfunga simbaaa!" Ikafuata sauti halisi: "Mwambie hatutaki, anatuibiaaa."

Alikuta mama kwenye kochi, jicho moja limefunikwa kwa bandeji, na mjukuu amembana ubavuni na simu ya mamaye mkononi.

"Bibi, si nilikwambia anaongea kama wewe?" mtoto akashangilia. "Na ni baba huyo! Baba, mwambie!"

Mama aligeuza uso taratibu kuelekea mlangoni. "Kaa, baba."

Kasuku akakaa, kiatu kimoja mguuni.

"Huyu mwanamke umemtoa wapi?"

"Kwako, mama."

"Mbona mwizi?"

"Wameandika hivyo."

"Na watu wanamcheka?"

"Wanamcheka sana."

"Wanacheka anachosema, au wanacheka anavyosema?"

Angeweza kudanganya, kazi yake ni hiyo. Lakini mtu aliyekusitiri mbele ya ndugu zake humdanganyi. "Anavyosema, mama. Zaidi ni anavyosema."

"Kama yule binti wa dirishani."

"Mimi sikutaka kukudhihaki, mama..."

"Sijasema umenidhihaki. Nimeuliza tuuu." Akamwomba mjukuu amshike mkono, akaenda chumbani kwake.

Kesho yake Kasuku aliamka amejiandaa kugombezwa. Angegombezwa angepona. Mama alikaa mezani, akanyoosha mgongo, akasema, "Habari za asubuhi. Naomba sukari, tafadhali." Maneno yalitoka makavu, yamekatwa sawasawa kwa mkasi, kama ya msomaji wa taarifa ya habari. Mtoto akatoa macho. Mkewe akaweka birika chini bila kumimina.

Ikawa hivyo kwa siku tano. Mama alisema kimjini na kila mtu, na ungemwona akihangaika nacho: anafika katikati ya sentensi, anasimama, anainyoosha, ndipo anaitoa. Mwisho akaona afadhali anyamaze. Hadithi za mbuzi zikaisha. Kasuku akagundua kwamba nyumba ile, aliyoizoea kwa makelele, ilikuwa na saa ya ukutani inayogonga.

"Mama yangu anajikagua mdomo anapoongea na mjukuu wake," mkewe alimwambia wakiosha vyombo. Hakupandisha sauti. "Nirudishie mama yangu."

Kazini nako mambo yakaharibika. Jumatatu walianza kurekodi gemu la pili, na Bibi wa Darajani alikuwa na kurasa arobaini. Kasuku alisoma ya kwanza, akarudia, akanywa maji, akarudia tena. Fundi wa sauti akabonyeza kitufe cha kuongea naye. "Kaka, maneno yapo. Bibi mwenyewe hayupo."

Kasuku akaeleza yote. Mwongozaji alimsikiliza, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na tarehe zake. Alimpa hadi Ijumaa. "Ukishindwa usijilaumu," akasema. "Lafudhi hiyo wanaoiweza ni wengi."

Ndilo lililomchoma. Aliiona sauti ile mikononi mwa mtu mwingine, mtu asiyewahi kukaa kitako kumsikiliza mama yule, akiivuta ili achekwe tu. Kisha akajiuliza yeye mwenyewe alikuwa ameifanyia nini cha zaidi, na jibu hakulipenda.

Alhamisi alasiri alimkuta mama sebuleni, bandeji imeshatolewa, akiangalia mikono yake mwenyewe kama mtu aliyerudishiwa kitu cha zamani. Kasuku akakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, nimekuja kuomba ruhusa. Nilipaswa kuiomba miaka mitatu iliyopita. Ukikataa, kesho naiacha kazi ya Bibi, na sitasema kitu."

Mama alinyoosha mgongo. Kisha, kwa kile kimjini chake kigumu, akauliza, "Nyumbani kwenu mnazungumza namna gani?"

"Kwetu? Kawaida tu, mama."

"Hakuna kawaida. Kila mtu ana kwao." Alimtazama kwa macho yote mawili. "Nimekujua miaka kumi na miwili. Nimekusikia ukiwa askari. Nimekusikia ukiwa mimi. Wewe bado sijakusikia."

Kasuku aliinamisha kichwa. Hilo hata mkewe hakulijua. Alikuja mjini akiwa na miaka kumi na moja, wazazi wamefariki ndani ya mwaka mmoja, akapokewa na baba yake mdogo. Siku ya kwanza darasani alisimamishwa kusoma, na darasa zima likaangua kicheko, mwalimu akiwemo. Kwa miezi miwili alimwiga aliyeketi naye dawati moja. Halafu akamwiga mwalimu, halafu kila mtu, wakamshangilia na kumpa jina. Lafudhi ya kwao aliifungia. Kwao hakuna aliyebaki wa kumpigia simu, na katika kazi zake zote hakuwahi kumpa lafudhi hiyo mhusika hata mmoja, hata mbwa mwitu.

"Utacheka," akasema.

"Huenda."

Alijaribu. Sentensi ya kwanza haikuwa ya mtu yeyote. Ya pili pia. Ndipo akaacha kuigiza, akaanza kumsimulia mvua: jinsi mama yake alivyokuwa akimwita aingize kuni haraka, jinsi alivyowagombeza kuku kana kwamba wao ndio walioileta, jinsi bati lilivyovuja juu ya kitanda kimoja tu, cha baba. Maneno yakaanza kurukaruka kama mahindi kikaangoni, miisho ikimezwa, sauti ikipitia puani. Uso ulimwaka kama siku ile darasani. Hakuacha.

Mama akacheka. Alicheka akishika jicho kwa kiganja, maana daktari alimkataza kutikisika, na akaendelea kutikisika.

"Ndivyo mnavyosema hukooo?" akapumua. "Mbona mnakimbiaaa? Mnafukuzwa na naniii?"

Kasuku akasikia silabi zile zikivutwa, zote tatu, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

"Haya, bibi wako mwacheni aendeleee," mama akasema akijifuta. "Ila asikae darajani peke yakeee. Mtafutie mume wa kwenu. Wakichekwa, wachekwe wawiliii."

"Nimesikia, mama," akajibu, kwa kikwao, haraka haraka, na kwikwi juu. "Nitawaambia kesho, mama, nitawaambia wampe mume."

Mkewe akatokea jikoni, mikono ina povu hadi viwikoni, akaangaza sebule nzima kutafuta mtu.

"Mama, kuna mgeni? Nani amekuja?"

"Mumeooo," mama akasema. "Njoo umsalimieee."