Mwaka Ambao Sakafu Ilipanda

Naikumbuka vizuri Ijumaa moja, mwanangu, nilipopanda ngazi za ofisi mbili mbili na karatasi mkononi, nikitamani kila mtu anisimamishe aniulize nimebeba nini. Nilikuwa binti bado, nimetoka Karagwe tulikokulia mimi na mama yako, nimepata kazi hapa Kigali kwenye idara ya takwimu. Kwenye karatasi ile kulikuwa na mstari. Mstari tu! Lakini mstari wenyewe ulikuwa pato la taifa letu, mwaka baada ya mwaka, na aliyeuchora ni mimi.

Nimeikumbuka kwa sababu yako, Keza. Jana ulinitumia mstari wako kwenye simu ukaandika, "Mama mdogo, angalia tulivyoruka!" ukajaza na vile vikaragosi vinavyocheza dansi. Nimeuangalia nikiwa nimesimama, nikauangalia tena nikiwa nimekaa. Unapendeza, sikatai. Jumatatu utausimamia mbele ya wakubwa zako. Basi kabla ya Jumatatu nipe muda wako kidogo, maana habari hii wewe mwenyewe umo ndani yake, ingawa hukumbuki.

Wakati ule mtu akiniuliza sokoni nafanya kazi gani, nilikuwa namjibu kwamba napima nchi. Wauza nyanya walikuwa wanacheka mpaka wananiongezea nyanya. Lakini si ndivyo ilivyo? Unajumlisha kila ambacho watu wako wamekipata kwa mwaka: mazao, maziwa, mishahara, faida. Unaongeza mshahara wa yule anayevuka mpaka kufanya kazi na kurudi kulala kwake, unatoa faida ambayo mgeni anaipeleka kwao. Kupanda kwa bei nako unakuondoa, kwa kuwa kilo ya maharage ni kilo ile ile hata ikiuzwa ghali. Halafu unaweka nukta. Mwaka unaofuata unarudia yale yale, unaweka nukta nyingine pembeni. Mpaka leo sijaona kazi tamu kama hiyo, na najua nawe nimekuambukiza.

Sasa, mwaka ule tulikuwa tumebadili mwaka wa kizio, yaani tumeacha kipimo cha zamani na kushika kipya. Kipimo cha zamani kiliwajua wenye makampuni na wenye mashamba. Kipya kilitupeleka mitaani tukawahesabu na wale wasio na kibao mlangoni: wasusi wa Gatsata, watengeneza simu, wauza maziwa, mafundi wanaojenga nyumba za watu kule Kinyinya. Nukta ya mwaka huo ilipotoka, weee! Iliruka ikawaacha wenzake chini. Ofisi nzima ilisimama. Mmoja wetu alinunua fanta za wote. Mkurugenzi alikuja mwenyewe hadi kwenye meza yangu, akaukodolea macho mstari ule akitabasamu hadi masikioni.

Mtu mmoja tu hakugusa fanta. Mzee Kalisa, mkuu wa kitengo chetu, aliyelelewa Bukavu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliuangalia mstari kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuhamisha uzito toka mguu huu kwenda ule.

"Dativa, mwana wangu," akasema, "hapa iko furaha mingi. Ni byiza, ni muzuri. Lakini nionyeshe kitu yenye ilikua. Ni ngombe? Ni nyumba? Nini ilikua hivi kwa mwaka moja?"

"Mzee, ni uchumi."

"Buretse, mon enfant, ngoja kidogo. Uchumi haiko na miguu ya kuruka. Kwenda utafute, Jumatatu uniletee jibu."

Nilitoka pale nimenuna. Nilijisemea njia nzima kwamba mzee ana wivu, kwamba watu wa umri wake hawapendi kuona nchi inapaa. Ujana ni raha, unapata majibu ya kila kitu bila kuuliza.

Nikwambie pia mstari ule ulikuwa unasubiriwa na nini, maana haukuwa pambo la ukutani. Kulikuwa na mpango wa bomba la kupandisha maji Gahanga. Serikali ilikuwa ichangie sehemu kubwa, wenyeji sehemu ndogo. Kamati ilikuwa ikutane Jumanne, na mkurugenzi alikuwa ameshalitamka: kama kipato cha watu kimeruka hivi kwa mwaka mmoja, basi wenyeji walipie bomba wenyewe. Nami niliposikia nikapiga makofi pamoja na wengine, nilivyokuwa nimelewa na nukta yangu. Na Gahanga ndiko alikoolewa dada yangu Perusi, mama yako, aliyekuwa anashuka bondeni kila alfajiri na kupanda na jerikani kichwani, huku tumbo la mdogo wako limemtangulia. Kulipia bomba zima? Yeye na majirani zake wangeuza nini?

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwenu. Nilikuta baba yako amefanya maajabu. Tajiri mmoja ambaye yeye, fundi, alimjengea nyumba Kinyinya alimwachia saruji iliyobaki, naye akaimwaga nyumbani kwake. Ile sakafu ya udongo ilikuwa imekuwa saruji, laini, inang'aa, na mama yako alituvulisha viatu wote mlangoni kana kwamba tunataka kukanyaga kitanda chake.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Kwenu kulikuwa na desturi: kila sikukuu baba yako anakusimamisha kwenye mwimo wa mlango, anakuwekea alama ya mkaa pale kichwa kilipofika. Uliponiona tu ukanivuta mkono.

"Mama mdogo, nimekuwa mkubwa! Nimekuwa mkubwa wiki hii!"

Ukajibandika kwenye mwimo, visigino pamoja, kidevu juu. Na kweli! Kichwa chako kilikuwa kimeiacha mbali alama ya Pasaka. Nikakunyanyua tukazunguka ukumbini tukipiga vigelegele. Ukatangaza kwamba sasa umefika kimo cha kubeba jerikani kubwa, umsaidie mama. Mama yako alicheka, lakini nilimwona akikupima kwa macho, mkono mmoja kiunoni, na nikajua kwamba akichoka zaidi kidogo tu atakubali.

Upepo ukausukuma mlango. Nikainama kuuzuia, nikaona chini umekatwa, ubao bado mweupe.

"Shemeji, mlango umeukata?"

"Nimekata, eh. Sakafu imepanda, mulango ikakataa kufunguka," baba yako akajibu. "Kipande iko pale, Perusi anawekea chungu."

Kilikuwa pale pembeni chini ya chungu, kipande chembamba cha ubao, upana wake vidole vitatu. Nilikitazama, nikautazama mwimo, nikakutazama wewe uliyekuwa bado unarukaruka. Keza, hukuwa umeruka popote. Sakafu ndiyo iliyopanda, ikakupandisha na wewe!

Nikakiomba kile kipande nikakishikiza juu ya alama ya Pasaka, nikakusimamisha tena. Kichwa chako kiliuzidi ubao kwa upana wa kidole kimoja. Kidole hicho ndicho kilichokuwa chako, kingine chote kilikuwa saruji. Nilipokueleza ukaangua kilio cha msibani. Baba yako akakupakata.

"Kidole ni ya kweli, Keza," akakwambia. "Hakuna mutu atakunyanganya."

Ukanyamaza, ukakiangalia kidole chako, ukaniuliza kama kidole kimoja ni kingi. Nikakwambia ni kingi sana. Kisha nikachukua mkaa nikapandisha alama zako zote za zamani kwa upana wa ubao ule, moja baada ya moja, mpaka ile uliyowekewa ukiwa hujaweza kusimama bila kushikwa. Sasa zote zilikuwa zinaanzia sakafu moja, na mwimo ukasema vizuri ulivyokuwa unakua tangu mwanzo. Jerikani kubwa ikabaki kwa mama yako. Nilimwomba kile kipande cha ubao, nikaondoka mbio bila kula viazi alivyokuwa amenipikia. Viazi vile alinilaumu navyo kwa miaka.

Jumatatu ngazi nilizipanda tatu tatu.

"Mzee, ni sakafu!" nilipiga kelele kabla hata ya salamu, nikaweka ubao mezani kwake. "Watu hawakuruka! Tumebadili sakafu!"

Nilimweleza yote, wewe, mwimo, mlango uliokatwa. Mzee Kalisa alivua miwani akacheka mpaka akakohoa. "Voilà," akasema, akifuta macho. "Sasa na nchi, ubao yake iko wapi?"

Nilijua ilipo! Tulikuwa na mwaka mmoja tulioupima kwa vipimo vyote viwili, cha zamani na kipya. Mwaka ule ule, watu wale wale. Tofauti iliyoonekana hapo ndiyo iliyokuwa kipande chetu cha mlango. Siku nzima tulikaa tukizipandisha nukta za miaka ya nyuma kwa kadiri ile ile, na mstari ukabadilika mbele ya macho yangu. Ule mruko ukatoweka, ikabaki njia inayopanda taratibu, mwaka hadi mwaka, bila kuchoka. Machozi yalinitoka kwa furaha, nikwambie ukweli. Nilikuwa nawaona watu! Baba yako alikuwa amepandisha kuta Kinyinya miaka yote ile. Wasusi wa Gatsata walikuwa wamesuka miaka yote ile. Tulikuwa tumewaandika kana kwamba wameanza kuishi mwaka tuliowahesabu, na sasa kila mmoja alikuwa amerudishiwa miaka yake.

Jumanne kwenye kamati Mzee Kalisa alinisukuma mbele. "Mustari ni yake, aseme yeye," akawaambia, akakaa. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, Keza, sijathibitishwa, na mkurugenzi alikuwa ameshawapa watu wa nje ya ofisi habari ya ule mruko. Nikaeleza. Niliona uso wa mkurugenzi ukishuka kama ulivyoshuka wako pale mlangoni.

"Kwa hiyo hatukukua?" akauliza.

"Tumekua, Bwana Mkurugenzi. Tumekua kidogo, tena kweli. Ila kipato kilichoonekana mwaka huu kilikuwepo mwaka jana, na watu wa Gahanga walikuwa wanabeba maji kichwani wakiwa nacho. Mwaka huu hakuna aliyewaongezea cha kulipia bomba."

Akaniuliza nimejuaje. Nikasema, "Kwenye mlango wa dada yangu." Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, mwisho naye akacheka. Akaomba aelezwe tena habari ya ubao. Alipoielewa, aliinamia karatasi zake, akasema mchango wa serikali ubaki kama ulivyopangwa.

Siku maji yalipofika Gahanga, mama yako alinipigia simu. Hakusema neno. Aliiweka simu karibu na bomba, nikasikia maji yakimwagika kwenye ndoo, na wewe nyuma yake unapiga kelele mpaka sauti inakatika. Nimepata vyeo baada ya hapo, nimesafiri, nimepewa mashada. Simu ile ndiyo mshahara wangu.

Sasa mstari wako, mwanangu. Nao una hatua moja ndefu, na iko palepale mlipobadili kizio. Sisemi umekosea, hesabu zenu sijaziona. Nakuomba uulize swali lile la Mzee Kalisa, ambaye leo hayupo kukuuliza mwenyewe: ni kitu gani kilikua? Angalia chini kabla hujaangalia juu. Tafuta ule mwaka mlioupima kwa vipimo vyote viwili, uusikilize unakwambia nini. Kama sakafu ndiyo iliyopanda, zipandishe na alama za zamani, ili wote waliokuwa wakifanya kazi bila kuonekana warudishiwe miaka yao. Na ukibaki na kidole kimoja, usikionee haya. Kionyeshe Jumatatu kwa furaha ile ile uliyonitumia jana, dansi na kila kitu, kwa kuwa kidole cha kweli ni sherehe! Usiwape wakubwa mruko ambao kesho watamtwisha mtu asiyehusika. Wewe ulikuwa karibu kutwishwa jerikani kubwa kwa sababu ya saruji ya vidole vitatu, na waliokuwa wanakushangilia ni sisi tuliokupenda.

Kile kipande cha ubao ninacho, kimekaa mezani kwangu miaka yote hii kikishikilia karatasi zisipeperuke. Pita kesho baada ya ibada ukichukue. Ukisimama Jumatatu kiweke mbele yako, na wakikuuliza ni cha nini, unayo hadithi.

Mungu akuongezee kimo, mwanangu, kwa kipimo chake kisichobadilishwa. Akupe sauti isiyotetemeka wakati chumba kizima kinapiga makofi. Na siku moja simu yako ilie, uipokee, usisikie neno lolote, usikie maji tu.