Duka Lisilo na Jina Mlangoni

Kuna asubuhi moja ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia mgeni wetu kwamba hizo sabuni unazotengeneza ni za kupoteza muda tu. Nilinyamaza kwa heshima ya mgeni. Leo hakuna mgeni.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya biashara, kama wewe, na shirika moja la bima la Nairobi lilikuwa limenipa kazi. Nikaikataa. Nilitaka kuchanganya na kuuza chakula cha kuku, maana hapa Nakuru karibu kila niliyemjua alifuga kuku, na kila mmoja alilalamikia chakula. Baba yangu alikuwa amefanya kazi reli maisha yake yote, na mshahara ndio uliotulea. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Sawa, Nekesa, wewe ndiye umesoma," na tangu hapo hakukanyaga dukani kwangu. Kelele zingeniuma kidogo kuliko hivyo.

Nikapanga kibanda mtaa wa Rhonda, nikaleta pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa omena. Kuchanganya nilijua, na hesabu nilijua. Ila juu ya mlango sikuandika chochote. Majirani walikuwa na maandishi ya kila rangi. Hata kinyozi alikuwa na jina kubwa kuliko kiti chake. Mimi nilisema nitaandika biashara ikishakua. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Basi asubuhi hiyo alikuwa dukani Mama Tabitha, mjane kutoka kule Bahati, nje ya mji, aliyekuwa akisomesha watoto wake kwa kufuga kuku wa mayai. Alikuwa amejaribu chakula changu kwa kuku wachache, kikamfaa, na sasa alikuja tukubaliane niwe nampelekea cha kuku wote. Wanawake wa chama chake walikuwa wanangoja kusikia atasema nini. Bila yeye, duka lile lisingemaliza mwaka. Tukiwa katikati ya mazungumzo, akapita Kibet, tuliyesoma naye chuoni, na tai yake shingoni.

"Sasa Nekesa! Kumbe uko hapa? Hii duka ni yako?"

"Ah, wapi! Nashikilia tu," nikajibu nikicheka. "Natafuta kazi Nairobi."

Kibet akaenda zake. Nilipogeuka, Mama Tabitha alikuwa anafunga leso yake. Akasema anaenda kufikiria kwanza. Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata.

Nikapanda Bahati kumtafuta. Alinipa chai, akangoja nimalize kikombe, kwa kuwa ni mtu wa adabu. Kisha akanisema.

"Wewe msichana, kuku ikibadilishiwa chakula inafanya nini?"

"Inapunguza mayai, Mama."

"Unajua. Sasa mimi nizoeshe kuku zangu zote chakula yako, halafu wewe uende Nairobi, hawa watoto nitawaambia aje? Chakula ni mzuri. Shida ni wewe hauko."

"Lakini niko."

"Hiyo uliniambia mimi. Yule wa tai ulimwambia ingine. Enda uandike jina yako kwa hiyo mlango, halafu tuongee."

Niliteremka nimekasirika, sitakuficha. Mama huyu anifundishe mimi biashara! Lakini nilipofika Rhonda hasira ilikuwa imeisha, na nilichobaki nacho ni kwamba alikuwa amesema kweli. Nikanunua rangi nikaandika kwa mkono wangu: NEKESA WAFULA, CHAKULA CHA KUKU. Wafula ni jina la baba. Herufi zilienda zikipanda kama barabara ya Molo, lakini zilisomeka.

Mama Tabitha alirudi, na chama chake kikamfuata. Halafu siku moja baba akaja. Alisimama nje akisoma jina lake, akasoma tena.

"Hiyo F imelala," akasema. Akaingia, akaketi juu ya gunia.

Nikamwachia duka nikaenda kupakia mzigo wa Mama Tabitha kwenye pikapu barabarani. Niliporudi, nilimkuta mteja akimuuliza kama duka ni lake.

"Ni ya msichana yangu," baba akasema. "Mimi nashikilia tu."

Nilizunguka nyuma ya kibanda nikalia, kwa furaha, mpaka mteja akaniita nije nipime.

Mwanangu, sikuambii ukatae kazi ya ofisi. Kibet alivaa tai yake mpaka akastaafu, akalea watoto wazuri, na nilimheshimu. Wala sikupi ahadi kwamba sabuni zitakulisha. Zinaweza kukushinda, na ukishindwa utarudi nyumbani ule. Ila usifanye kazi mchana kutwa halafu uikane rafiki akipita. Anayenunua kwako anataka kujua kwamba akija tena atakukuta. Mwambie uko, na umwambie hata huyo wa tai maneno hayo hayo.

Nenda basi. Mungu akupe wateja wanaorudi, akuondolee aibu ya jasho lako, na siku utakapotoka kidogo, akupe mtu wa kukushikilia duka. Mimi bado nina nguvu za kuketi.