Rangi Kali, Sumu Ndani

Katika darasa langu la pili hapa Lubumbashi watoto wanabanana wanne kwa benchi, na kwa wingi huo mwalimu hafafanui, anaimbisha. Somo lilikuwa rangi za wanyama. Nilichora panzi wa kijani katikati ya majani, wakamtafuta kwa kelele. Kisha nikachora mdudu mwekundu mwenye madoa ya njano, nikasema huyu hajifichi, maana ndege wanajua kumla ni kujitafutia kifo. Nikawapa maneno ya kuimba: rangi kali, sumu ndani! Waliimba mpaka mwenzangu wa darasa la jirani akagonga ukuta. Nilijiona fundi kweli.

Sikukumbuka hata kidogo kwamba yalikuwa majira ya viwavi.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, bibi wa msichana mmoja wa benchi la mbele alinijia na bakuli lililofunikwa kitambaa. Ndiye anayemlea, na mvua zikianza viwavi, ambao hapa tunawaita bishimu, ndiyo mboga yao karibu kila siku. Wakiwa wabichi wana rangi kama kitenge kipya, na mtoto ndiye anayesaidia kuwasafisha.

«Mwalimu, mutoto anakatala bishimu, leo siku ya tatu. Anakula bukari butupu. Anasema biko na sumu, njo weye ulisema.»

Siku tatu za ugali mtupu kwa sababu ya wimbo wangu! Aibu ilinishika. Mimi mwenyewe ninawapenda viwavi kupita nyama. Nilimwita mtoto, nikamweleza kwamba si kila rangi kali ni sumu, kwamba nkambo yake, yaani bibi huyu, anajua wanaoliwa na wasioliwa. Alinisikiliza kwa heshima, lakini hakuamini hata neno moja.

Basi nikafunua bakuli, nikatia kiwavi mmoja aliyekaangwa mdomoni, nikatafuna. Nikachukua wa pili. Mtoto akaning'ang'ania mkono kwa nguvu zake zote.

«Mwalimu, tema! Utakufa! Tema!»

Alilia kama watu wanavyolia msibani. Nilimeza, na sikuwa na kingine cha kufanya.

Bibi hakunikasirikia; afadhali angenitukana. Alifunika bakuli polepole.

«Mama yake nilimukomalisha na bile bile bishimu,» alisema. Kisha akamgeukia mjukuu wake. «Weye unawaza miye nkambo yako naweza kukupa sumu?»

Mtoto alinitazama mimi, akisubiri nimwambie aseme nini.