Kompresa Iliyokauka Njia ya Abuku

Jamani, mshawahi kuokolewa kabla hamjaomba msaada?

Mimi nimeokolewa hivyo, na mpaka leo kifua kinaniwaka.

Naitwa Sule, fundi wa magari, mzaliwa wa Koboko. Gereji yetu ilikuwa Ediofe, mjini Arua. Nasema yetu kwa sababu nilikuwa na mwenzangu, Serge, Mkongo. Miaka sita tumekula sahani moja.

Ijumaa mimi nikienda msikitini, yeye analinda kazi. Jumapili yeye akienda misa, nalinda mimi. Na kazi aliyoifunga mmoja, lazima mwingine aikague kabla gari halijatoka. Hatukuwahi kuandikiana mkataba. Tuliaminiana tu.

Basi akaja Christelle, mama mfanyabiashara. Ana gari kubwa lenye vitanda na jiko, la kutembeza wageni. Akataka lijijazie upepo wa tairi lenyewe, maana huko vijijini pampu ni za kutafuta.

"Hii gari ikienda Abuku na kurudi bila shida, ile ingine nne utafunga wewe," akaniambia.

Magari manne! Kwa fundi wa uchochoroni kama mimi, hayo ndiyo maisha yenyewe.

Nikachomoa kompresa ya AC, mashine ya kusukuma upepo, kwenye gari bovu, nikaifunga kwenye mkanda wa injini. Upepo ukakaa kwenye tangi la breki za lori. Nikamimina mafuta ya kuilainisha kwa mkono wangu mwenyewe. Kuijaribu, tairi likajaa fasta.

Ijumaa nikamwachia Serge akague, nikaenda kuswali. Niliporudi nikamkuta anapaka povu la sabuni kwenye maungio.

"Iko sawa, ndugu yangu. Hakuna mahali inavuja."

Jumamosi asubuhi nikaondoka na Christelle. Karibu na Abuku tukakuta tope la kufa mtu. Nikapunguza upepo kwenye tairi zote nne ili gari lisizame, tukapita vizuri. Nikatamba kidogo, sikatai.

"Sasa ona kazi, madamu." Nikawasha kompresa.

Ikalia kama mbuzi anayekabwa. Ikakwama. Mkanda ukaanza kutoa moshi.

Nikafungua kizibo cha mafuta. Pakavu! Nikaingia uvunguni, nikapapasa kila mahali. Hakuna hata tone lililovuja. Mafuta yale yalikuwa yametolewa.

Nikiwa bado huko chini nikasikia pikipiki inasimama. Nani? Serge, na pampu ya betri mgongoni.

Nikatoka nimejaa tope. "Serge, nani aliita wewe? Hapa netiweki haiko!"

Akamtazama Christelle.

"Mimi niliambia yeye afuate sisi," Christelle akasema. "Jana, wakati wewe ulikuwa msikitini, alinipigia simu. Alisema mashine yako itakufa njiani. Na ona, imekufa."

Wakati mimi naswali, yeye alikuwa anamwaga mafuta yangu na kunichimba kwa mteja.

"Madamu, huyu mutu ndiye alitoa mafuta!"

"Sule, wewe ulisahau mafuta, sasa unasingizia mimi?" Serge alisema taratibu, kwa huruma kabisa, huku anajaza tairi.

Christelle akatikisa kichwa. "Mimi nataka fundi mwenye anaona shida mbele."

Magari manne akapewa Serge pale pale, mbele ya wakulima waliokuja kushangaa.

Nililia. Mtu mzima, nililia njia nzima kurudi Arua, nimekaa ndani ya gari nililolifunga kwa mikono yangu. Yeye alikuwa nyuma yetu na pikipiki, anapiga honi kusalimia watu.

Sasa niko Koboko, nimeanza upya peke yangu. Nimemsamehe? Hapana, sijafika huko.

Ila nyie wenye magari, chukueni hili. Mtu akikwambia leo kwamba kazi ya mwenzake itaharibika kesho, na kesho ikaharibika kweli, usikimbilie kumsifu. Muulize kwanza amejuaje.