Siku Saba za Kufunga Mdomo

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu na sina wa kumsingizia. Mdomo wangu umeniponza.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa ambao ukipiga chafya asubuhi, mchana unaletewa uji wa mgonjwa. Mwaka jana, 1991, nilipelekwa zahanati ndogo milimani, kupita Kibagabaga. Kilima gani, sisemi. Huko mgonjwa wako ndiye jirani yako, na ndiye anayekuuzia maharage.

Akaja mwanamke mmoja, nimwite Konsolata, ingawa si jina lake. Alikuwa mjamzito, na mimba mbili zilishamtoka.

"Muganga, hii maneno ibaki hapa," alinisihi. "Mama mkwe asijue. Ile ingine alitangazia watu wote, kisha ikatoka. Nilipata haya sana."

Nikaapa. Siku tatu baadaye nikamkuta huyo mama mkwe kisimani, akilalamika kwamba mke wa mwanawe amekuwa mvivu, hataki kubeba maji. Nikajiona namtetea mwenzangu.

"Mama, mwache apumzike. Hayuko peke yake."

Bibi alitupa ndoo, akapiga vigelegele. Kabla jua halijazama, hata padri alikuwa na habari.

Konsolata hakukanyaga tena zahanati, na mimba yake ndiyo iliyohitaji kuangaliwa kuliko zote. Nilipanda kwake kila Jumatano, nakuta mlango umefungwa. Niliogopa, jamani! Ingetoka na hii, ningemtazama vipi?

Jumatano ya tano akafungua. "Ingia. Lakini hiyo mdomo iache inje."

Nikawa nampimia nyumbani kwake, hadi akajifungua salama, mtoto wa kike. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane. Siku ileile ya kuzaa, Konsolata alinivuta akaninong'oneza jina walilochagua. "Mutu asijue mpaka siku yenyewe."

Niliteseka. Mama mkwe aliniletea maziwa, akaleta ndizi, akauliza walau linaanza na herufi gani. Nikanyamaza.

Siku ya nane baba akasimama, akataja jina. Silo! Nikamgeukia Konsolata, naye anacheka machozi yanamtoka.

"Lile nilikupa wewe peke yako," akasema. "Ningelisikia huko inje, ningejua nani amesema. Sasa kesho nakuja zahanati, unipimie mutoto."

Nyinyi mnaotibu majirani zenu, siri ya mgonjwa msiitoe hata kwa nia njema. Na lile jina msiniulize, kwa sababu hata mume wangu hajaambiwa.